Mkenya wa Mita Sifuri

Mgeni akisikia kwamba Mkenya anakimbia, kichwani mwake tayari kuna Iten, mji wa wakimbiaji wa nyanda za juu, vumbi jekundu, na vijana wembamba wanaopanda kilima huku wakicheka. Huwa sina moyo wa kumkatiza. Lakini mimi nimezaliwa Mombasa, nimelelewa Mombasa, na kutoka dirisha la ofisi yangu naona meli zikiingia Kilindini. Iten iko mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Mimi nimeipita bahari kwa kimo cha kibaraza tu. Kwa mambo ya mlima, damu yangu na ya Mholanzi ni moja: sote tumekulia usawa wa bahari, na sote tukifikishwa Nanyuki tunahema.

Nayaandika haya kwa sababu kila mwaka kuna Wapwani wanaojiandikisha kwa mbio za nyanda za juu, za miguu na za baiskeli, wakitegemea Ukenya wao uwabebe. Haubebi. Kikundi chetu kina muuguzi, dereva wa tuktuk, mwalimu wa hesabu, karani wa bandari, na mimi niliyezama katika makaratasi ya forodha. Wengine wanakimbia, wengine ni wa baiskeli, na wako wawili watatu wasiojua kuchagua. Hakuna anayelipwa. Tunataka Lewa, tunataka Mlima Kenya, na siku moja, Mungu akipenda, tunataka Kilimanjaro.

Tuanze na hewa yenyewe, maana inasimuliwa vibaya sana. Watu husema mlimani oksijeni imekwisha. Haijaisha. Hewa ya Mama Ngina, ufukweni kwetu Mombasa, na hewa ya Point Lenana, kilele kimojawapo cha Mlima Kenya, ni mchanganyiko ule ule, oksijeni asilimia 21 kasoro kidogo. Kinachopungua ni shinikizo. Huku chini uzito wa anga zima unaisukuma hewa mapafuni mwako bila wewe kuomba. Ukipanda, sehemu kubwa ya anga hiyo unaiacha chini yako, na kila pumzi inaingia na oksijeni pungufu. Iten shinikizo ni kama robo tatu ya hili letu. Lenana, mita 4,985, ni nusu na ziada kidogo. Uhuru, kilele cha Kilimanjaro chenye mita 5,895, ni takriban nusu. Walimu wa riadha wana kadirio lao: ukishapita mita 1,500, kila mita 100 hukata kama asilimia moja ya uwezo wa juu kabisa wa mwili kutumia oksijeni. Mwenzetu wa hesabu alituandikia ya Lenana nyuma ya risiti, akaikunja, akaiweka mfukoni, tukaendelea na mazoezi.

Mwili hujitetea, bila shaka. Unapumua haraka zaidi, moyo unaongeza mapigo, na figo zinatoa homoni ya kuuamuru uboho utengeneze chembechembe nyekundu za damu. Homoni hiyo hupanda ndani ya saa chache. Chembechembe za kutosha kukusaidia, hizo huchukua wiki tatu, nne. Hapo ndipo mwanamichezo wa ridhaa na wa kulipwa wanapoachana njia. Wa kulipwa anahamia kambini mwezi mzima. Mimi likizo yangu ni fupi, na nusu yake ni ya harusi za ukoo.

Historia inajua jambo hili vizuri. Olimpiki ya mwaka 1968 ilifanyika Mexico City, mita 2,240, na watu wa mabonde waliadhirika. Ron Clarke wa Australia, aliyekuwa na rekodi ya dunia ya mita 10,000, alimaliza wa sita akaanguka, ikabidi ahudumiwe pale pale uwanjani. Dhahabu ilikwenda kwa Naftali Temu wa Kenya, na siku chache baadaye Kipchoge Keino akatwaa ya mita 1,500. Hadithi hiyo tunaipenda kama taifa. Ila mimi nikiisoma najiona upande wa Ron Clarke.

Lakini kuna ya pili, na hii ni yetu sisi wa Mombasa. Tarehe 24 Machi 2007 mbio za nyika za dunia ziliandaliwa hapa hapa, kwenye uwanja wa gofu kando ya bahari. Anayeijua Machi ya Mombasa anajua: kaskazi imechoka, upepo hauji, masika bado, na jasho halikauki hata ukisimama kivulini. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuwa ametwaa mbio ndefu za wanaume miaka mitano mfululizo. Hapa alijitoa kabla ya mwisho. Wengi wengine pia hawakuuona utepe. Alishinda Zersenay Tadese wa Eritrea, na kwa wanawake Lornah Kiplagat, mzaliwa wa Kenya aliyekuwa akiiwakilisha Uholanzi, akamwacha Tirunesh Dibaba nyuma yake. Tadese naye ni mtu wa nyanda za juu, kwa hiyo sisemi kwamba joto linajua nani katoka wapi. Nasema tu kwamba kuna mtihani ambao sisi tunaufanya kila siku tukienda dukani, na mabingwa wa dunia waliushindwa mbele ya macho yetu.

Mtihani huo unaacha kitu mwilini. Ukifanya mazoezi kwenye joto kila siku, ndani ya wiki moja au mbili maji ya damu, yaani plazima, huongezeka, jasho huanza mapema, na moyo hupiga polepole zaidi kwa kasi ile ile. Mlimani, siku za mwanzo, plazima hiyo hiyo hupungua. Kwa hiyo Mpwani hupanda na akiba kidogo. Akiba hiyo haigeuki chembechembe nyekundu, na anayekwambia kukimbia saa sita mchana Bamburi ni sawa na kulala Iten anakuuzia mbuzi ndani ya gunia. Ila ni akiba, na ni ya bure. Lewa kwa mfano, mbio zilizoanza mwaka 2000 na ambazo hufanyika Juni ndani ya hifadhi ya wanyama, ni mita 1,700 hivi tu. Njia ni ya vumbi na vilima, na jua likishapanda, wale waliozoea baridi ya asubuhi huanza kuvua vitu. Wewe umeshazoea kuishi ndani ya mvuke. Ndiyo maana huwa nawashauri wenzangu waanzie pale, nusu marathoni, kabla ya kutaja Mlima Kenya.

Shida yetu kubwa ni ardhi. Kisiwa ni sawa na meza. Mlima wetu wa kila siku ni daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980, na alfajiri kabla matatu hazijaanza kugombea abiria utatukuta pale tukipanda na kushuka, wanaotoka msikitini wakitutazama kwa huruma. Wa baiskeli wana bahati kidogo. Barabara mpya ya Dongo Kundu imewapa madaraja na miinuko ya kuchezea, na Jumapili huvuka feri ya Likoni, wakapita Ng'ombeni hadi Kombani, wakakata kulia kwenda Golini na kupanda hadi Kwale. Kwale mjini ni mita 400 hivi. Mtu wa Nyeri angecheka. Lakini kupanda kutoka pwani hadi pale na jua la saa tatu mgongoni, baiskeli ikiwa na gia za tambarare, si jambo la kuchekwa, na ukifika juu upepo wa Shimba Hills unakulipa.

Mara chache, tukichanga nauli, twenda Taita. Basi hadi Voi, kisha Mwatate, na kutoka Mwatate barabara inaanza kujikunja kuelekea Wundanyi, kona juu ya kona, pikipiki zikishuka na magunia ya kabichi za kuletwa kwetu Kongowea. Kilele cha Vuria ni mita 2,208. Hapo ndipo pafupi zaidi tunapoweza kuonja mlima wa kweli bila kuomba likizo. Siku mbili za Taita hazibadilishi damu, hilo tulikubaliana zamani, lakini zinafundisha miguu na zinafundisha kichwa. Mtu aliyezoea kukimbia kwa kutazama saa ya mkononi anajifunza kwamba pale saa haina maana. Kipimo chetu ni mazungumzo: ukishindwa kumsimulia mwenzio bei ya samaki changu pale Marikiti bila kukata pumzi, punguza mwendo. Anayeona haya kutembea kwenye mwinuko hajawahi kuwatazama wanaoshinda mbio za milimani. Wanatembea sana, tena kwa hatua ndefu na mikono juu ya mapaja.

Siku nyingine zote, tuna ngazi.

Mlinzi wa jengo moja la Tudor alinizuia mlangoni jioni niliyokwenda mara ya kwanza.

"Watafuta nyumba ya nani, dada?"

"Sitafuti nyumba. Natafuta ngazi."

Alinitazama viatu, akanitazama hijabu, akaitazama saa ya ukutani. "Ngazi ni za wapangaji."

Ikabidi binamu yangu wa ghorofa ya tano ashuke kunidhamini. Sasa mlinzi huyo ndiye karani wangu: kila nikigusa sakafu ya chini anasogeza kisoda kimoja kwenye ubao wake wa drafti, na nikimwambia nimemaliza hutazama visoda kwanza kabla ya kukubali. Kwa mwanamke anayetoka kazini magharibi, ngazi zina fadhila nyingine. Hakuna boda, hakuna maneno ya vijana wa maskani, hakuna giza la barabara.

Ghorofa ya nne kuna bibi mmoja ambaye alifungua mlango baada ya kusikia vishindo vikipita na kurudi.

"Mwanangu, wakimbizwa na nani?"

"Shikamoo bibi. Sikimbizwi, nafanya mazoezi ya mlima."

"Marahaba. Basi usipande mlima mikono mitupu. Mtungi wangu uko chini."

Mombasa maji ya mfereji ni ya majaliwa, na mkokoteni wa maji haupandi ngazi. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20, pamoja na mpini unaokata vidole. Tangu siku hiyo jengo lile limegundua kwamba lina wapagazi wa bure. Dereva wa tuktuk hubeba miwili, mmoja kila mkono, akipanda kwa hatua fupi fupi, mgongo wima, na bibi humpa kaimati za kwenda nazo nyumbani. Kikundi kizima kimenenepa shingo.

Ila watu hudhani faida ya ngazi ni kupanda. Kupanda kunajenga pumzi na mapaja, sawa. Hazina iko kwenye kushuka. Ukishuka, msuli wa mbele ya paja unafanya kazi ukiwa unarefuka: unafunga breki kila hatua, na kazi hiyo ndiyo inayochana nyuzi ndogo ndogo za msuli na kukufanya siku ya pili na ya tatu ushindwe kukaa chooni. Habari njema ni kwamba msuli hujifunza upesi. Ukiutesa kidogo, ukauacha upone, ukautesa tena, unakuwa na kinga ya wiki kadhaa. Mtu wa Nyahururu amepata kinga hiyo tangu utotoni kwa kwenda na kurudi shule. Mtu wa Mombasa hajashuka kitu chochote maishani isipokuwa mteremko wa feri. Kwa maoni yangu hapo ndipo mlima unapotumaliza sisi, chini kuliko juu. Juu unapungukiwa pumzi, unakwenda taratibu, unafika. Chini, miguu ikishakuwa ugali, kila jiwe ni ugomvi, na bado una kilomita nyingi za kwenda.

Tazama wakubwa wa Kilimanjaro. Simon Mtuy, Mtanzania wa miteremko ile ile, mwaka 2006 alipanda na kushuka bila msaada wa mtu, akijibebea mwenyewe mahitaji yake, kwa zaidi kidogo ya saa tisa. Mwaka 2014 Karl Egloff, mwenye asili ya Uswisi na Ekuado, alifanya safari nzima kwa saa 6 na dakika 42. Kati ya hizo, kupanda kulichukua saa 4 na dakika 56. Toa mwenyewe: alishuka Kilimanjaro kwa chini ya saa mbili. Mapafu peke yake hayafanyi hivyo. Hayo ni mapaja.

Wa baiskeli wana sura yao ya jambo hilo. Hewa nyepesi huwasaidia kwenye tambarare, kwa sababu upepo wa kuupasua ni mwepesi. Ndiyo maana Mbelgiji Eddy Merckx, bingwa wa baiskeli, alikwenda Mexico City mwaka 1972 kuweka rekodi ya saa moja, kilomita 49.431. Lakini ukipanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, upepo si tatizo lako. Na ukishuka, tatizo ni vidole. Mlima Kenya una shindano la baiskeli za milimani, 10to4, la kuchangia uhifadhi wa msitu, linaloshuka kutoka futi 10,000 kuelekea futi 4,000. Mtu anaposikia kushuka anaona raha tupu. Fundi wetu wa Majengo hakuona hivyo. Mwenzetu wa bandari alimpelekea baiskeli yake, inayong'aa, na kwa adabu akauliza:

"Ami, hii itanifikisha?"

Fundi aliivuta waya ya breki ya nyuma kwa vidole viwili. Ikatoa unga wa kutu. Akaigeuza cheni kwenye mwanga, akahesabu meno ya gia ya nyuma kwa bisibisi, akatikisa kichwa.

"Hii ni baiskeli ya Nyali, mwanangu. Mlimani itakufikisha kwa Mola wako."

Hewa ya chumvi hula waya kutoka ndani, huku nje unaona kila kitu kizima. Alibadilisha waya zote, akatia mpira mpya wa breki, akaweka gia ndogo mbele na yenye meno mengi nyuma ili mtu aweze kupanda ameketi. Bei ilimkata karani maini, lakini hakubisha.

Marekani kuna mji uitwao Leadville, katika jimbo la Colorado, zaidi ya mita 3,000 juu. Mgodi mkubwa uliokuwa ukiulisha mji ulipofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, mchimbaji mmoja, Ken Chlouber, alianzisha mbio za maili 100 ili wageni waje walale, wale, waache pesa. Hiyo ilikuwa mwaka 1983. Za baiskeli zikafuata mwaka 1994. Wa miguu wana saa 30 na wanavuka njia ya Hope Pass, zaidi ya mita 3,800, mara mbili, kwenda na kurudi. Wa baiskeli wana saa 12. Miongoni mwao kuna watu wa kazi za ofisini kutoka miji tambarare, na wanafanya yale yale tunayoyafanya sisi: ngazi, joto, na mabishano yasiyokwisha kuhusu siku ya kuwasili. Mabishano hayo nami nina upande. Kama huwezi kufika wiki mbili au tatu mapema, basi kwa mbio za wastani kama Lewa fika karibu na siku yenyewe, kimbia, ondoka. Kwa kilele kirefu njia hiyo ni hatari. Pale hakuna mkato, ni kupanda polepole na kulala njiani.

Sasa damu. Hapa muuguzi wetu ni mkali kuliko kocha yeyote, na hamruhusu mtu kupanda naye bila vipimo viwili.

Cha kwanza ni akiba ya madini ya chuma. Uboho hauwezi kutii amri ya figo ikiwa ghala ni tupu, na wanawake wengi ghala letu ni tupu bila kujua. Dawa za chuma hazimezwi kwa kubahatisha, maana zikizidi zinadhuru, upimwe kwanza. Chakula tunacho: maini, dagaa, kunde, mchicha, mbaazi. Balaa ni chai. Chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia chuma kisifyonzwe, na hebu mwambie mtu wa Mombasa ale mahamri na mbaazi bila chai. Tuliafikiana kwa shida: mbaazi zikamuliwe ndimu, ambayo husaidia chuma kupita, na chai isubiri kama saa moja. Mwalimu wa hesabu hadi leo anaichukulia sheria hii kama uonevu.

Cha pili ni selimundu, yaani sickle cell, na hiki sikioni kikizungumzwa popote pale watu wa Pwani wanapozungumza kuhusu milima. Kwetu na kando ya Ziwa Viktoria, malaria imekaa karne nyingi, na jeni moja ya selimundu humlinda mtoto dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana wenye jeni moja ni wengi miongoni mwetu. Si wagonjwa. Wanaishi, wanakimbia, hawajui. Lakini penye oksijeni kidogo, chembechembe zao zinaweza kujikunja, na wengu ukaumia: maumivu makali upande wa kushoto, chini ya mbavu. Si wote, na si kila mara, ila mtu ajue hali yake na azungumze na daktari kabla ya kulipia lango la hifadhi. Mwenzetu mmoja alipima akajikuta nayo. Alibaki na mbio za Taita na Lewa, na anatushinda huko vizuri tu.

Barakoa za kuziba pua zinazouzwa mtandaoni kwamba zinaleta mlima nyumbani, achana nazo. Zinachosha misuli ya kupumulia. Shinikizo la hewa ya Mombasa linabaki lile lile. Pesa hiyo nunua glavu.

Glavu zipo Kongowea, kwenye mitumba, chini kabisa ya marundo ambayo hakuna anayeyagusa. Watu wa Ulaya wakichoka na nguo zao za theluji, zinakuja kufia Pwani. Nilipata koti la manyoya ya bata, suruali isiyopitisha upepo, na glavu nene, kwa bei ya viatu vya mtoto. Muuzaji aliniuliza kama mume wangu ni wa boda ya usiku.

Mlima Kenya tulipanda kwa njia ya Sirimon. Usiku wa kwanza, kambi ya Old Moses, mita 3,300, dereva wa tuktuk aliamka akipiga kelele kwamba kuna kitu kimemkalia kifuani. Wawili walianza kumsomea. Muuguzi akawasha tochi akamweleza: usiku, mlimani, pumzi hupanda, hupungua, husimama kidogo, kisha mwili hushtuka na kuvuta hewa kwa nguvu. Inatisha ila huwapata wengi. Akamaliza kwa sheria zake, alizozirudia hadi tukazikariri: kichwa kikiuma na chakula hakipandi, hakuna kwenda juu, mtu akianza kuyumba kama mlevi, au kukosa pumzi akiwa amekaa tu, ni kushuka saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane. Dawa ya kusaidia kuzoea ipo, lakini ni ya kuandikiwa na daktari, tena haichukui nafasi ya kushuka.

Kambi ya Shipton's, mita 4,200, mwalimu wa hesabu aliamka na kichwa kinachogonga, akasema kwa utulivu kwamba hesabu haikubali, akabaki. Sisi wengine tulifika Lenana baada ya alfajiri, kwa mwendo ambao kobe angeulalamikia. Tende na kashata ndizo pekee zilizopita kooni; zile pakiti za sukari ya kizungu ziligandia mfukoni.

Kisha tukashuka, na hapo ndipo kiongozi wetu, mtu wa Nanyuki, alipoanza kugeuka nyuma kututazama. Alikuwa ametuzoea kama mizigo. Sasa watu wa mitungi walikuwa nyuma yake karibu, magoti yamekunjwa, hatua fupi, hakuna anayelia. Chini kwenye lango, zaidi ya mita 2,000 kutoka kileleni, alituuliza sisi tunafanyia mazoezi wapi.

"Tudor," akasema dereva wa tuktuk.

Hakujua Tudor ni wapi. Tukamwambia aje aone mwenyewe, malazi na chakula juu yetu, kwa sharti moja: aje Machi, na daraja la Nyali tulikimbie saa sita mchana. Aliuliza joto huwa nyuzi ngapi. Tukamwambia. Anasema nauli ndiyo inayomchelewesha.